Siku Shoka Alipomwonyesha Daktari pa Kukata

Mume wangu alimwonyesha daktari mahali pa kumkata mguu.

Sitanii. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, homa imempanda, akanyoosha kile kidole chake kinene na kukiweka kwenye goti lake mwenyewe.

"Dokta, pita hapa kwenye maungio," akasema. "Usipasue mfupa. Mfupa ukiupasua unaacha vipande, na kipande cha mfupa ndicho kilichonileta hapa."

Daktari akamtazama. "Mzee, wewe si ng'ombe."

"Najua. Ng'ombe anachinjwa kwanza."

Nesi akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na simu mkononi, kwa mazoea tu.

Mume wangu akanigeukia.

"Rekodi," akaniambia. "Wasikose."

Ili mjue kwa nini neno hilo lilinikata maini, inabidi nirudi nyuma. Nitasema yote, hata yale ambayo ndugu zake hawayajui mpaka leo. Mkitaka kunitukana, nitukaneni, ila mmalize kusoma kwanza.

Mume wangu anauza nyama. Bucha ni lake, na mtaa mzima unamwita Shoka.

Ni pande la mtu. Ubavu mzima wa ng'ombe anauweka begani huku anapiga mluzi. Mfupa wa paja anaugonga mara moja tu, unaachana. Damu imemrukia usoni tangu ujana wake. Anajifuta kwa mkono na kuuliza mteja anayefuata anataka kilo ngapi.

Hiyo ni damu ya ng'ombe. Subirini mwone yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nina ulimi, nakiri. Wifi yangu husema ulimi ndio uliozaliwa, mwili ukafuata siku ya pili. Kuna wateja wanaoniletea gauni lisilo na kasoro yoyote, wanachotaka ni kukaa kwenye kibenchi changu wanisikilize.

Miaka mitatu iliyopita Shoka alianza kukonda. Maji anakunywa ndoo nzima, chooni haishi kwenda. Nikamburuta kliniki.

Pale kuna nesi mmoja mfupi, mchangamfu, mikono myepesi. Tunamwita sista. Akamwambia Shoka anyooshe kidole, atoe tone moja tu la damu apimwe sukari.

Shoka akaiona sindano. Ile sindano, jamani, haifiki punje ya mchele.

"Sista," akasema, sauti imekuwa nyembamba ghafla, "haiwezekani kupima kwa kuangalia ulimi?"

"Ulimi hauonyeshi sukari, baba. Lete kidole."

"Basi anza na huyu mke wangu. Nione kwanza."

"Mimi mzima," nikadakia haraka. "Mgonjwa ni wewe."

"Hata presha tu. Mpime presha nione kama ataumia."

Sista akacheka, akanifunga ule mkanda mkononi ili mtu mzima atulie. Akasema presha yangu ni nzuri kama ya msichana wa miaka ishirini.

Hilo la presha likumbukeni.

Kisha akashika kidole cha Shoka, akachoma.

Tone lenyewe sikuliona. Nilisikia kishindo. Mume wangu, kilo mia na kumi, alikuwa chali sakafuni, na kichwa kimeangukia juu ya mizani ya kupimia wagonjwa. Mshale ukacheza cheza, ukasimama kwenye sita.

Sasa mnadhani nilifanya nini? Nilimwinua? Nilimpepea?

Nilitoa simu.

Nikapiga picha mshale wa mizani, nikarekodi na sista anavyompiga makofi madogo ya shavuni, nikarusha kwenye grupu la familia: "Habari njema ndugu zangu. Kichwa cha Shoka kina kilo sita. Akili haijapimwa bado."

Grupu lile lina watu thelathini na wanane, wengi wa upande wake. Lilikuwa la kusalimiana na kutakiana heri. Siku hiyo liliwaka moto.

"Mbavu sina!"

"Mama weee, Shoka wa watu!"

"Shemeji, lini anarudi kliniki? Tunataka sehemu ya pili."

Nikanogewa.

Toka hapo kliniki ikawa shughuli yangu. Mwezi ukikaribia, grupu linaanza kuuliza. Mimi nahakikisha simu imejaa chaji. Kipimo cha sukari chenyewe, kuwaambia ukweli, sikuwa nakisikiliza.

Kuna mara aliambiwa alete mkojo wa asubuhi. Wenzake wamekuja na vikopo vidogo. Shoka kaingia na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa mpaka kizibo, ameifunga gazeti na kamba vile vile anavyofunga nyama.

"Baba," sista akamuuliza, "umeleta wa ukoo mzima?"

"Nimejaza, sista," Shoka akajibu, yuko makini kabisa. "Mimi sipunji mtu."

Hiyo ilichekwa mwezi mzima. Mpaka leo kuna wapwa zake wakimwona wanamwambia, "Mjomba, usinipunje."

Kuna mara sista alimwambia, "Nahesabu mpaka tatu." Alipofika mbili, Shoka alikuwa ameshafika kwenye foleni ya kliniki ya watoto, kajikunja nyuma ya mama mwenye mapacha. Nikarekodi wanavyomtoa.

Yeye alikuwa ananiambia nini? Alikuwa anacheka. Ndiyo, anacheka. Kile kicheko cha mtu anayesukumwa na umati, anatembea kwa sababu hana namna.

Mara moja tu alisema kitu. Tulikuwa njiani tunarudi, akaniambia taratibu, "Mama watoto, lile grupu lina mpaka wateja wangu."

"Si ndiyo vizuri?" nikamwambia. "Umekuwa nyota."

Hakurudia tena.

Halafu nikafanya ujinga mkubwa. Siku moja alipozimia kama kawaida yake, nikampiga picha amefumba macho, shuka ya kliniki imemfika kidevuni. Nikaandika kwenye grupu: "Ndugu zangu, Shoka ametutoka."

Nikaacha dakika ishirini zipite. Ndipo nikamalizia: "Ametutoka kidogo, sasa amerudi. Anaomba soda."

Kumbe wifi yangu, dada yake mkubwa, alisoma ule ujumbe wa kwanza tu. Huyo ndiye aliyemlea Shoka mama yao alipofariki. Alitoka nyumbani kwake mbio, kiatu mguu mmoja, kanga imefungwa mgongo mgongo. Aliingia kliniki analia kwa sauti mpaka wagonjwa wakasimama.

Akatukuta tumekaa kwenye benchi, tunakunywa soda.

 Akamfuta mdogo wake jasho usoni, akageuka kwangu.

"Wifi," akasema, "siku utakayosema kweli, usinitafute."

Akanifungia simu siku hiyo hiyo. Nikawaambia wenzangu kibarazani kwamba wifi yangu hana utani. Tukamcheka na yeye.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Daktari wa pale kliniki ni mama wa makamo, mpole, ila ana foleni ya watu arobaini mlangoni. Akimaliza kuandika huuliza swali moja tu, kila mara: "Kuna lingine?"

Shoka hujibu, "Hakuna, dokta," tunatoka.

Siku hiyo hakujibu hivyo. Alisogeza kiti mbele kidogo.

"Dokta," akaanza, "hii miguu yangu. Siku hizi naona kama…"

"Inanuka!" nikadakia. Simu ilikuwa tayari inarekodi. "Dokta, huyu akivua yale mabuti ya mpira ya bucha, paka anahama nyumba. Juzi amerudi na barua ya kuomba talaka."

Daktari akacheka. Sista akacheka mpaka akashika meza. Hata mgonjwa wa mlangoni akacheka.

Shoka akacheka pia, kidogo. Akaangalia mabuti yake.

"Ulitaka kusema nini, baba?" daktari akamuuliza huku anafuta machozi.

"Hakuna, dokta. Ni hilo hilo."

Video ile ilivunja rekodi ya grupu.

Jioni yake Shoka alinisogelea kwenye cherehani. Akasubiri nimalize mshono, kisha akasema, "Mwezi ujao nitakwenda mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Una kazi nyingi. Nitakwenda mwenyewe."

Nilinuna wiki nzima. Na wala sikununa kwa kumhofia. Nilinuna kwa sababu grupu lilikuwa linasubiri.

Basi akawa anakwenda peke yake. Asubuhi anavaa shati safi, anaaga. Mchana anarudi na pamba kwenye mkunjo wa mkono, imebandikwa plasta.

"Wamesemaje?"

"Saba nukta moja. Dokta kasema niko sawa."

Mimi napiga picha ile pamba, narusha: "Shujaa amerudi vitani." Watu wanacheka, siku inakwisha.

Miezi saba.

Mwezi wa saba nikaanza kusikia harufu ndani. Sikuhangaika; nyumba ya muuza nyama haijawahi kunukia waridi. Nikamwambia aoge. Kesho yake nikamwambia tena. Wiki mbili nzima nilimwambia mume wangu aoge, naye anaoga, mara mbili kwa siku, bila kunijibu neno.

Asubuhi moja akashindwa kuvaa buti la kushoto. Amekaa kitandani, jasho linamtiririka, anatetemeka na kulikuwa na joto. Nikainama nimvue soksi.

Soksi ilitoka na ngozi.

Chini ya unyayo, karibu na kisigino, kulikuwa na shimo, na ndani ya shimo kuna kitu cheupe. Nilidhani ni mfupa wake. Ulikuwa ni mfupa wa ng'ombe, kipande kidogo kama ukucha. Kiliruka siku anakata, kikaingia kwenye buti, naye akakikanyaga siku nzima. Pengine siku nyingi.

"Shoka! Hukusikia?"

"Miguu haina habari, mama watoto," akanijibu. "Mwaka sasa haina habari. Ndicho nilichotaka kumwambia dokta siku ile."

Nikakimbia bucha kumchukulia kadi yake ya kliniki, alisema iko kwenye droo ya chini ya meza ya kukatia. Nikavuta droo.

Kadi ilikuwepo. Pembeni yake kulikuwa na bunda la pamba, limebaki nusu, na plasta.

Nikafungua kadi kwa mara ya kwanza tangu siku ya mabuti. Mistari saba ya mwisho, kalamu ile ile ya bluu, kila mwezi saba nukta moja. Mwandiko nikaujua hapo hapo. Ni ule ule wa kwenye ubao wa mlangoni unaosema "Leo maini yapo."

Hakuwahi kurudi kliniki. Alikuwa anakaa mahali masaa mawili, anajibandika pamba, anarudi kwangu nimpige picha.

Hospitali kubwa tulifika saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili daktari wa upasuaji, kijana mwenye sauti ya chini, alikuwa ameshafunua ule mguu. Akatoa kalamu na kuchora mstari chini ya goti.

"Tukiingia asubuhi hii, nakata hapa," akaniambia. "Goti linabaki. Akibaki na goti, atavaa mguu wa bandia na atatembea vizuri, hata kazini atarudi. Lakini hii kitu inapanda, mama. Sina siku, nina masaa."

"Ingieni sasa hivi, dokta."

"Damu yake imeshuka sana. Nina chupa moja inayomfaa. Nataka moja nyingine ya akiba kabla sijamgusa. Ita ndugu."

Chupa moja tu. Nikaona hilo ni jambo dogo. Grupu lina watu thelathini na wanane.

Nikaandika: "Ndugu zangu, Shoka anakatwa mguu leo. Inatakiwa damu haraka. Njooni hospitali."

Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaishusha simu.

"Hahahaaa! Leo ya mguu!"

Likafuata la pili. "Shemeji hutuwezi. Ya kututoka ilitutosha."

"Muulizeni mguu una kilo ngapi!"

"Msisahau, yeye hapunji!"

Nikarekodi sauti nalia. Wakajibu kwamba leo nimejitahidi, nimelia kama kweli. Nikampigia mdogo wake, akapokea kwa kicheko: "Shemeji, niko kazini, acha hizo," akakata. Nikapiga picha mguu wenyewe. Mtu akaandika kwamba ile ni nyama ya bucha, yeye hababaishwi na picha.

Wifi alikuwa amenifungia. Simu ya wifi haikuita hata mara moja.

Nesi wa wodi akanijia. "Na wewe, mama? Unajua kundi lako la damu?"

"O."

"Basi tuko vizuri. Njoo ukae hapa, dakika kumi na tano tumemaliza."

Haya ninayoandika sasa sijawahi kumwambia mtu.

Mimi naogopa sindano.

Mimi huyu. Watoto wangu nilipojifungua, ili nipimwe damu, ilibidi wanawake wanne wanishike na wa tano anizibe macho. Sindano ya cherehani naiongoza mwenyewe, naiona inakokwenda. Ile ya hospitali inakuja kwangu. Muda wote ule nilimcheka Shoka kwa sauti kubwa ili pasitokee mtu wa kugeuka akaniangalia mimi.

"Mimi nina presha," nikamjibu nesi. "Nilikatazwa kutoa damu."

Nilisema hivyo mume wangu akiwa hatua mbili kutoka nilipo, amefumba macho. Nikadhani amelala.

Nesi akaenda. Nikarudi kwenye simu, nikaendelea kuwaomba watu wanaocheka.

Ikafika saa nne, ikapita. Saa tano daktari alikuja, akafunua shuka, akafunika, akaondoka. Nesi akapita tena akaniuliza kama ndugu wako njiani. Nikamwambia wako njiani.

Jamani, damu ilikuwa kwenye mkono wangu. Nilikaa nayo masaa matano kwenye kiti cha plastiki.

Saa saba mchana daktari akarudi na kalamu yake. Safari hii alichora mstari juu ya goti.

Hakunieleza. Hakukuwa na haja.

Shoka akafungua macho.

"Mama watoto."

"Abee."

"Huna presha."

Akamgeukia nesi, "Mpime. Ilikuwa nzuri kama ya msichana. Nilikuwepo."

Nesi akanifunga mkanda. Tukamsikiliza akiujaza upepo, akausoma, akanitazama usoni. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Kaa pale, mama," akasema.

Nikakaa. Akapaka spiriti ya baridi mkononi mwangu. Akafungua kile kisindano kutoka kwenye karatasi yake, nami nikasikia sauti yangu mwenyewe, nyembamba, inauliza, "Sista, haiwezekani kwa njia nyingine?"

Kitu cha mwisho nilichoona ni mume wangu, kwenye kitanda chake, ameinyanyua simu yake kwa mikono miwili.

Nilizimia kabla sijaguswa.

Nilipoamka niko sakafuni, gauni limepanda, mdomo wazi, udenda umefika sikioni. Nesi akaniambia nipumzike, mtu aliyezimia hatolewi damu.

Na mume wangu alikuwa ameshaituma ile video. Shoka ambaye tangu grupu lifunguliwe hakuwahi kuandika hata salamu. Aliituma na maneno matatu chini yake: "Ni kweli. Njooni."

Hakuna aliyecheka.

Wifi alifika baada ya nusu saa, mkono wa nguo ameshaukunja kabla ya kuvuka mlango. Akanipita pale chini kama anavuka dimbwi. Alitoa damu bila hata kukaa vizuri. Nyuma yake wakaja wengine kumi na tatu, wote wananong'ona, wote wanaficha simu zao.

Saa tisa walikuja kumchukua. Ndipo akaweka kile kidole kwenye goti na kumwambia daktari apite kwenye maungio. Na ndipo akaniambia nirekodi, wasikose.

Sikurekodi. Niliizima simu.

Daktari alikata juu ya goti.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Bucha limepata mpangaji, kazi ile inataka mtu wa kusimama. Mguu wa bandia ulimshinda. Kwa mkato wa juu namna ile na mwili wake, anavaa saa moja anauvua. Shoka anatembelea kiti cha magurudumu.

Na mimi? Wifi alichukua ile video, akakata kipande nilipo na mdomo wazi na udenda, akatengeneza stika. Grupu zima wanayo. Mtu akisema habari za asubuhi, stika yangu. Mtoto akifaulu mtihani, stika yangu. Juzi kulikuwa na tangazo la msiba, kuna mtu akaituma kwa bahati mbaya, hata wafiwa wakacheka.

Naiangalia, nanyamaza. Nitamwambia nani aache?

Ndugu zake wanajua nilizimia. Hawajui kwamba tangu saa mbili nilikuwa na damu ya kutoa. Shoka anajua. Hajasema, kwao wala kwangu. Siku nikimgombeza kwa jambo dogo huwa ananitazama tu, kisha anaitazama ile suruali yake iliyokunjwa na kupigwa pini, nami najikuta nimeshapunguza sauti.

Hiyo suruali huwa naikunja mimi.

Kliniki anakwenda kila mwezi, hakosi. Mimi ndiye ninayesukuma kiti kutoka nyumbani mpaka mlangoni kwa daktari. Hapo wifi anakuwa ameshafika, anapokea. Shoka anageuza kichwa nusu.

"Hapo panatosha, mama watoto."

Mlango unafungwa. Nakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa wengine. Mara ya kwanza niliudhika. Nikajisemea, mtu atazimia huko ndani, wataniita.

Hawajawahi kuniita. Siku hizi hazimii.

Mwezi uliopita mlango haukufungika vizuri. Nikamsikia yule mama daktari anamaliza kuandika, anauliza swali lake lile lile.

"Kuna lingine?"

Mkono wangu ulipapasa simu wenyewe, nikaukalia.

Kisha Shoka akaanza kusema. Alisema kuhusu mguu ambao haupo lakini unawasha. Alisema kuhusu ndoto. Akasema vile alivyokuwa akikaa nyuma ya ukuta wa kliniki na pamba mfukoni, anasikia sista anaita majina ya wenzake, anatamani kuingia. Akasema mambo ya utotoni ambayo miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kuyasikia. Halafu akatia na utani wake, mzuri kweli, wote wakacheka, na yeye akacheka. Kicheko kikubwa, cha tumboni. Sikukijua.

Nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Aliongea dakika ishirini. Hakuna aliyemkatiza.

Ndugu msomaji, kama una mwenzio mgonjwa, ukiingia naye kwa daktari, fumba mdomo. Akianza kusema miguu yangu, mwache afike mwisho wa sentensi. Mimi nilimkatiza mume wangu kwenye sentensi ya pili nikapata vicheko vya watu thelathini na wanane, na sasa namsikiliza kutoka nje, kupitia upenyo wa mlango.

Wifi akauona ule upenyo. Akasimama, akausukuma mlango mpaka ukafunga.